Dakika Ile ya Kaburini: Shajara ya Kulinganisha Romeo na Juliet

Mwanzo wa mwezi. Swali

Tumekubaliana. Mradi utakuwa na swali moja: katika kila toleo la Romeo and Juliet, mchezo wa Shakespeare, liwe la jukwaani au la filamu, Juliet, aliyelazwa na dawa ya usingizi mpaka akadhaniwa amekufa, anazinduka lini kaburini? Romeo akiwa hajanywa sumu, akiwa ameshainywa lakini roho haijatoka, au akiwa maiti kabisa?

Mwenzangu alitaka tulinganishe kila kitu, kuanzia maleba na muziki hadi mapigano ya panga na mazungumzo ya roshani. Nikamwambia, "Dada, kwa mpango huo tutazeeka na jedwali halijajaa." Hadithi hii imechezwa kwa kuzungumza, kwa kuimba, kwa kucheza bila neno hata moja, na hata kwa vinyago vya bustani kwenye katuni ya 2011, Gnomeo & Juliet, ambamo wapenzi hawafi. Ukianza kulinganisha kila kitu unaishia kuorodhesha unavyovipenda. Kaburini hakuna pa kujificha. Mwongozaji lazima aamue kama atawapa wale wawili nafasi ya kuonana kwa mara ya mwisho au atawanyima, na akishaamua, amekwambia anaiamini hadithi ya aina gani.

Jedwali lina safu tatu: habari inapoteaje njiani, Juliet anazinduka lini, na mchezo unaendelea kwa kiasi gani baada ya wote wawili kufa. Yeye kachukua jukwaa, opera na baleti. Mimi nimebaki na filamu.

Siku chache baadaye. Andiko lenyewe

Kabla ya kuwasha skrini tumesoma upya Tendo la Tano, kwa sauti, tukipokezana. Tumeshika msingi wa chapa ya 1599, kwa sababu ile ya 1597 ni fupi na imekatwakatwa.

Mambo ya saa kwanza. Dawa ya Mtawa Laurence, aliyewafungisha wapenzi ndoa ya siri, inamlaza Juliet kwa saa 42. Mzee Capulet, baba wa Juliet, naye, kwa furaha ya kuona binti amekubali kuolewa na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi, anaisogeza harusi kutoka Alhamisi hadi Jumatano, na hesabu yote inavurugika. Barua ya kumweleza Romeo, aliyefukuzwa mjini, anapewa Mtawa John. Huyu anakwenda kumtafuta mtawa mwenzake wa kusafiri naye, anamkuta amekuwa akihudumia wagonjwa, wakaguzi wa mji wanashuku kuna tauni kwenye nyumba ile, wanafunga milango. Barua haijatoka hata nje ya mji.

Wasomaji wengi wa leo huona hapo mtunzi amelazimisha bahati mbaya. Watazamaji wake wa kwanza hawakuwa na sababu ya kuona hivyo: kumbi za London zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya tauni sehemu kubwa ya muda kati ya 1592 na 1594. Nyumba kupigwa kufuli kwa shuku ya ugonjwa lilikuwa jambo waliloliona mtaani kwao.

Kisha kaburini. Hapa tulisimama muda mrefu. Romeo anamtazama Juliet usoni na kusema kwamba midomo na mashavu bado vina wekundu, kwamba bendera ya kifo yenye weupe haijapandishwa pale. Anayasema haya kwa kinywa chake mwenyewe! Ushahidi wote kaushika mkononi, kisha anakunywa. Baada ya yeye kufa inapita mistari isiyofika 30, mtawa akihangaika na taa yake, ndipo Juliet anafumbua macho. Anambusu Romeo akitafuta tone la sumu lililobaki, na anakuta midomo ina joto.

Joto lile ndilo kipimo chetu. Wamepishana kwa dakika, na mtunzi ametaka tujue ni dakika ngapi.

Baada ya hapo kuna zaidi ya mistari 100 ya walinzi, mtawala wa mji, mtawa kusimulia upya kila kitu tulichokwisha kukiona, na wazee wawili, baba wa familia mbili zenye uhasama, kuahidiana sanamu za dhahabu. Mwenzangu anaipenda sehemu hii. Mimi huwa naanza kuangalia saa.

Jukwaa la zamani

Ripoti yake ya kwanza imekuja, na imenifanya nibadili rangi za jedwali.

Nilitegemea "waliofuata" na "waliobadili". Nilijua habari za David Garrick, mwigizaji mkubwa wa London, ambaye mwaka 1748 aliuandaa mchezo upya na kuongeza mazungumzo kaburini: Romeo ameshakunywa sumu, Juliet anazinduka, wanaongea, wanaagana, anakufa. Watazamaji walilia na kurudi tena kulia. Toleo hilo lilitawala jukwaa la Uingereza kwa karibu miaka 100. Mwaka 1750 kumbi mbili za London, Drury Lane na Covent Garden, ziliuonyesha mchezo huo usiku uleule kwa siku mfululizo kila mmoja akitaka kumzima mwenzake, Garrick upande huu na Spranger Barry upande ule, mpaka wakazi wakachoka na kulalamika kwamba hakuna kingine cha kutazama.

Na Garrick hakuwa wa kwanza. Mwaka 1679 Thomas Otway alikuwa ameihamishia hadithi Roma ya kale, akaiita Caius Marius, na huko tayari msichana anazinduka mapema.

Lakini mwenzangu kachimba nyuma zaidi. Katika hadithi ya Luigi da Porto, iliyochapishwa Italia karibu na 1530, Giulietta anazinduka Romeo akiwa bado hai. Katika ile ya Matteo Bandello ya 1554, vivyo hivyo. Aliyemchelewesha ni Mfaransa Pierre Boaistuau, mwaka 1559, alipoigeuza hadithi ya Bandello kwa Kifaransa. Arthur Brooke akaifuata kwa utenzi wa Kiingereza mwaka 1562, na Shakespeare akauchukua utenzi wa Brooke. Kwa hiyo ile dakika ya mwisho ya kuonana, ambayo wakosoaji humlaumu Garrick kwa kuipachika, ndiyo kongwe. Garrick mwenyewe alimtaja Bandello alipojitetea.

Alichofanya Shakespeare ni kukaza kamba. Kwa Brooke mambo yote huchukua miezi; yeye akayabana ndani ya siku nne au tano, Jumapili hadi Alhamisi alfajiri. Juliet wa Brooke ana miaka 16. Wake hajatimiza 14. Ukikaza hivyo, kuonana kaburini kunakuwa anasa.

Rangi mpya: bluu kwa wanaoonana, nyekundu kwa wanaopishana. Maneno "asili" na "mabadiliko" tumeyafuta kwenye jedwali.

Aliyeirudisha nyekundu Uingereza ni Charlotte Cushman, Mmarekani, mwishoni mwa 1845 kwenye ukumbi wa Haymarket. Alicheza Romeo yeye mwenyewe, mwanamke, na Juliet akawa mdogo wake Susan. Aliliondoa andiko la Garrick na kurudisha la Shakespeare. Watu walisifu upanga wake kuliko wa wanaume wengi.

Filamu. Wiki ya skrini

1936, George Cukor. Nilipita haraka. Norma Shearer alizaliwa 1902 na Leslie Howard 1893, hivyo tunatazama watu wazima wenye adabu wakizungumza mashairi kwenye mapambo ghali ya studio. Hakuna anayekimbia. Hadithi ya vijana wasioweza kungoja ikichezwa na watu wanaoonekana wanaweza kungoja hata mwaka, kaburi linakuwa sherehe.

1954, Renato Castellani. Imepigwa Italia kwenyewe, kuta za mawe na mwanga wa kweli, ikapata tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice. Macho yanashiba, moyo haushibi.

1968, Franco Zeffirelli. Hapa kazi ilianza. Olivia Hussey na Leonard Whiting walikuwa bado vijana wadogo wakati wa kupiga picha, na kila kitu kwao ni mbio na jasho. Zeffirelli ameifuta tauni kabisa. Badala yake tunamwona Mtawa John njiani juu ya punda wake, mwendo wa pole, na Balthasar, mtumishi wa Romeo aliyeyaona mazishi kwa macho yake, anampita kwa farasi akienda mbio. Ni picha ya sekunde chache bila neno. Habari ya uongo iko juu ya farasi, ya kweli iko juu ya punda. Sijaona toleo jingine lililoitatua barua kwa wepisi namna hiyo.

Kaburini ameshika nyekundu. Romeo anakufa, kisha kamera inashuka kwenye mkono wa Juliet na vidole vinaanza kucheza. Nimeirudia mara nyingi. Kinachouma ni kwamba vidole vinaanza polepole, kwa raha, kama vya mtu anayeamka Jumapili asubuhi. Halafu mtawa anaingia, anasikia walinzi, anarudia kauli yake kwamba hawezi kukaa zaidi, anairudia tena na tena, sauti ikipanda, na anakimbia. Kwenye kitabu anaisema mara moja na nilikuwa siitilii maanani. Huyu ni mtu mzima aliyebuni mpango mzima, na anamwacha mtoto peke yake na maiti. Paris hapigani wala hafi katika toleo hili, na simkumbuki hata kidogo. Baada ya vifo, mazishi mafupi na kauli ya mtawala kwamba wote wameadhibiwa. Basi.

Bado filamu. 1996

Baz Luhrmann anastahili siku yake.

Mji ni Verona Beach wa kubuni, umepigwa Mexico, panga zimekuwa bastola zilizochongwa majina ya panga, na dibaji inasomwa na mtangazaji wa habari kwenye televisheni. Leonardo DiCaprio na Claire Danes wanasema mashairi yaleyale ya Shakespeare. Barua inapelekwa na kampuni ya vifurushi. Mpeleka vifurushi anafika kwenye karavani la Romeo jangwani, hamkuti, anaacha karatasi ya taarifa, na Romeo haioni. Hakuna tauni, hakuna hata mtu mbaya. Ni kazi ya kawaida imefanyika kwa utaratibu wake.

Kaburi ni kanisa lililojaa mishumaa na misalaba ya taa za neoni. Nimelipimia saa tukio hili, nikasimamisha picha baada ya picha, na nitaliandika jinsi lilivyo. Romeo amelala ubavuni mwa Juliet, analia. Nyuma ya kichwa chake, pale tunapoona sisi na haoni yeye, mkono wa Juliet unasogea. Macho yanafumbuka. Romeo anaaga, anageuka, anainua kichupa. Juliet anatabasamu na kunyoosha mkono kumgusa shavu. Anamgusa wakati uleule sumu inapopita kooni. Romeo anashtuka, na wote wawili wanaelewa kwa pamoja.

Kwenye jedwali nimepaka bluu, lakini si bluu ya Garrick. Garrick aliwapa mazungumzo. Luhrmann amewapa mtazamo tu, na maneno machache ya kitabuni yaliyogawanywa upya: Juliet analalamika kwamba hajaachiwa hata tone, na sasa mlalamikiwa yu hai na anamsikia. Jukwaani hili lisingewezekana. Mtu wa kiti cha nyuma haoni kope zikifumbuka. Karne ya 18 ilihitaji maneno kwa sababu haikuwa na kamera ya karibu.

Mwenzangu anasema ni ukatili wa kujionyesha. Tumebishana mpaka simu ikaisha chaji. Hoja yake ni nzito: andiko linamkatili mtazamaji peke yake, kwa sababu ni yeye tu anayejua maana ya wekundu wa mashavu, Luhrmann anawakatili na wahusika, anawafanya wajue. Mimi naona hapo ndipo anapopatia. Romeo wake mchezo mzima anatenda kwanza na kutazama baadaye, na huyu ndiye Romeo pekee anayelipwa kwa tabia yake usoni kabisa.

Baada ya hapo, risasi, ukimya, na televisheni tena. Mzee Capulet na Montague, baba wa Romeo, hawashikani mikono.

Waimbaji na wachezaji

Opera tumeimaliza upesi kwa sababu wote ni bluu. Bellini, Venice, 1830, Romeo akiimbwa na mwanamke: wanaonana. Gounod, Paris, 1867: wanaonana, wanaimba pamoja, Juliette anajichoma, wanaomba msamaha wa Mungu, pazia. Sababu iko wazi hata kwa asiyejua noti. Hakuna mtunzi wa opera atakayekuwa na sauti mbili nzuri jukwaani kisha azikataze kuimba pamoja mwishoni. Familia zilizopatana wala hazitajwi kwa Gounod; baada ya sauti ya juu namna ile nani atamsikiliza mzee akiongea habari za sanamu?

Baleti ndiyo iliyotushangaza. Sergei Prokofiev alipotunga muziki wake mwaka 1935, mwisho ulikuwa wa heri: mtawa anawahi, Juliet anaamka, wanacheza. Alieleza baadaye kwamba sababu ilikuwa ya kiufundi: walio hai wanaweza kucheza, wanaokufa hawawezi kucheza wakiwa wamelala. Walimu wa uchezaji wakamhakikishia kwamba kifo kinachezeka, akaandika mwisho upya. Onyesho la kwanza lilikuwa Brno, tarehe 30 Desemba 1938, na la Leningrad likafuata Januari 1940, Galina Ulanova akiwa Juliet. Ule mwisho wa heri ulipandishwa jukwaani mwaka 2008 na Mmarekani Mark Morris.

Jibu la ile hoja ya Prokofiev tumeliona kwa Kenneth MacMillan, mtunzi wa uchezaji wa baleti, London, 1965. Romeo anamnyanyua Juliet kitandani pa kaburi na kujaribu kucheza naye. Ni mbebano uleule wa usiku wa roshani, ila sasa kichwa kinaning'inia na miguu inaburura sakafuni. Mchezaji anayemcheza Juliet lazima aiachie misuli yote bila kumsaidia mwenzake hata chembe, na kila mtazamaji anajua kwamba yule binti anapumua. Nyekundu, tena nyekundu iliyokoza kuliko zote kwenye jedwali. Wekundu wa mashavu kwenye andiko unatajwa kwa sentensi moja. Hapa mwili mzima ulio hai unazungushwa mbele yetu na Romeo mwenyewe hajui.

Mwisho wa mwezi. Waliohamisha nyumba

Swali limetokea: toleo lisilo na kaburi tuliweke wapi? Tumeamua kuliweka pale ambapo wapenzi wangekuwa kaburini.

West Side Story, mchezo wa nyimbo ulioihamishia hadithi kwenye magenge ya New York: Broadway 1957 na filamu ya 1961 iliyozoa Oscar 10. Hapa safu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Anita anatumwa na Maria, Juliet wa hapa, kupeleka habari kwa Tony, Romeo wake. Anafika dukani, vijana wa genge la kina Tony wanamdhalilisha, karibu wambake, na kwa hasira anatema uongo: Maria kauawa, Chino kampiga risasi. Tauni imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na chuki yenyewe. Hakuna tena bahati mbaya. Habari imeharibiwa na wale ambao ingewaokoa. Kwa maoni yangu hii ndiyo safu ya kwanza iliyojazwa vizuri kuliko zote, kuliko hata punda wa Zeffirelli, na nasema hivyo nikiwa nampenda sana yule punda.

Tony anatoka barabarani akiita auawe, anamwona Maria mzima, anamkimbilia, risasi inalia. Bluu. Kisha Maria anaishika bastola, anaielekeza kwa kila mmoja, na haifyatui. Anabaki hai. Safu ya tatu kwa mara ya kwanza ina mtu wa kuijaza: hotuba ya upatanisho ambayo kwa Shakespeare ilikuwa ya wazee, hapa ni ya mjane.

Filamu za Kihindi mbili. Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988, Aamir Khan na Juhi Chawla: hakuna sumu wala dawa ya usingizi. Binti anapigwa risasi na muuaji wa kukodiwa, kijana anajichoma kisu. Bluu, na lawama yote iko kwa mzee aliyelipa. Goliyon Ki Raasleela Ram-Leela ya 2013 imefanya jambo ambalo hatukulipata kwingine: wapenzi wanapigana risasi kwa hiari, kwa wakati mmoja, huku koo zao zikiwa zimeshaelewana na wao hawajui. Safu ya tatu imehamia kabla ya ya pili. Ilibidi nichore mshale.

Hali ya sasa

Jedwali limejaa isipokuwa mstari mmoja: toleo la National Theatre la 2021, lenye Jessie Buckley na Josh O'Connor, lililopigwa picha kwa siku 17 ndani ya ukumbi wa Lyttelton uliokuwa umefungwa kwa ajili ya janga. Nimeliacha mwisho makusudi, maana sijui tuliweke upande wa skrini au wa jukwaa, na mwenzangu anadai ni lake.

Mpangilio wa usiku wa maonyesho tumeshaukubali. Tutaanza na usomaji wa sauti wa kaburi, kuanzia wekundu wa mashavu hadi joto la midomo, taa zikiwa zimewashwa. Kisha klipu ya 1968 na ya 1996 mfululizo, bila maelezo katikati. MacMillan atafuata. Garrick tutamwigiza wenyewe. Mwenzangu kajitolea kuwa Romeo, kwa heshima ya Cushman, na ameshaanza kudai upanga.